Nyumba ya Nyota Moja na Nusu

Ukitaka kuniuliza kama uende kufanya kazi kwenye nyumba fulani ya wazee, njoo na simu yako, na uje ukiwa na muda, maana swali hilo silijibu tukiwa tumesimama mlangoni. Mimi ni Mama Violet wa hapa Soweto West, yule anayekaa nyuma ya poshomili. Nimetunza wazee karibu miaka thelathini, wengine majumbani kwao na wengine kwenye nyumba za wazee, na yaliyonistaafisha ni magoti yangu, si mwajiri yeyote. Siku hizi nyinyi wasichana mnaosomea ulezi mnanijia wawili wawili, mnakunywa chai yangu, kisha mnanionyesha nyota.

Juzi mmoja wenu, simtaji kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, alinisukumia simu usoni kabla hata hajaketi.

“Auntie, cheki hii place. Wameniita interview Monday, but ona rating. Nyota mbili! Si nikienda nitajiharibia jina?”

Nilimwambia asome maoni yenyewe, yote, pole pole, na baada ya kila moja anijibu: huyu aliyeandika alikuwa amesimama wapi? Alikuwa mgeni langoni, jirani, au mtoto wa mzee? Aliniangalia kana kwamba nimeanza kupotewa na akili. Basi acha niwaeleze nyote kwa pamoja, nisije nikarudia hadithi hii hadi Krismasi.

Miaka michache kabla sijastaafu, nyanya niliyekuwa nikimtunza kule Lavington alifariki. Nilikaa nyumbani kwa muda, kisha kazi mbili zikanijia wiki moja. Ya kwanza ilitoka kwa familia nyingine ya hapo hapo Lavington. Mama yao alikuwa amepatwa na kiharusi, nyumba ilikuwa na bustani na maji ya moto ya mfereji, na walitaka jibu langu kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana. Ya pili ilikuwa nyumba ya wazee kule Kawangware. Aliyenipigia ni Matron wa pale, mwanamke wa ukoo wetu kutoka Bungoma. Kwa hesabu ya ukoo mimi ni dada yake mkubwa, ingawa hatujawahi kulala chini ya paa moja.

“Dada, njoo unisaidie,” aliniambia. “Wasichana wangu wamechoka, na watu wananitukana kwa internet.”

Msichana wangu Violet aliitafuta hiyo nyumba kwenye simu. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

“Mum, ni nyota moja na nusu. Hata ile choo ya stage iko na tatu.”

Nilimwambia anisomee. Mtu mmoja alilalamika kwamba chakula ni kabichi kila siku. Mwingine alitoa nyota moja kwa sababu hakupata mahali pa kuegesha gari. Mmoja alitoa nyota tano na kusema kwamba huduma kama ile haipatikani popote Afrika Mashariki, na jina lake la mwisho lilikuwa lile lile la Matron. Halafu kulikuwa na mwanamke aitwaye Lilian: “Baba yangu ana wiki tatu hajaogeshwa. Nikiuliza wanasema amekataa. Msipeleke mzazi wenu hapa.”

“Usiende,” Violet akasema. “Mzee akikufia huko akiwa mchafu, ni familia gani itakuita tena?”

Na alikuwa na haki. Katika kazi hii huna duka wala shamba. Una jina lako tu, na jina hilo hutembea kwa mdomo, kutoka kwa mama huyu hadi kwa rafiki yake. Niliogopa, nawaambia wazi. Lakini yale maoni ya Lilian yalinikaa kichwani. Amekataa kivipi? Mzee anaweza kukataa dawa, anaweza kukataa uji, lakini wiki tatu bila kuguswa na maji? Kuna kitu hapo nilitaka kukijua, na mimi nikitaka kujua kitu silali vizuri. Nikampigia Matron nikamwambia nitakuja siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, halafu ndipo nitasema kama nabaki au nakwenda zangu.

Sasa sikilizeni namna ya kuangalia nyumba. Kwanza, usiende saa waliyokupa. Nenda saa nne asubuhi, chai ikishanyweka na wafanyakazi wakiwa wamesahau kwamba kuna wageni duniani. Vuta pumzi mlangoni. Harufu ya mkojo asubuhi si habari, hata kwa hoteli ya kitajiri watu hukojoa. Lakini ukikuta dawa ya choo imemwagwa hadi macho yanawasha, jiulize wanafunika nini. Angalia kikombe cha maji kiko wapi. Kama kiko mezani na mkono wa mzee haukifikii, hicho kikombe kimewekwa kwa ajili ya wageni. Na omba kuona visigino vya wale wasioamka kitandani. Kisigino hakidanganyi, ngozi huanza kuharibika hapo na mgongoni.

Haya yote nilifundishwa na Mama Agneta, mhudumu wa wodi mwenye sauti ya kengele, nilipokuwa mdogo kama nyinyi. Siku yangu ya kwanza aliniambia nilale kitandani nione mgonjwa huona nini. Nikalala. Akatoka. Akanisahau huko kuanzia saa ya uji hadi chakula cha mchana, na mimi kwa woga sikuthubutu kuamka. Nilimfahamu nzi mmoja kwa undani sana siku ile. Nilijifunza pia kwamba mlango ukiwa nyuma ya kichwa chako, kila anayeingia anakushtua. Tangu siku hiyo sijawahi kumwendea mzee kutoka nyuma. Nyinyi mna sertifiketi na mnajua kumnyanyua mtu bila kuumiza mgongo, na ni vizuri, sisi mgongo ndio uliokuwa mwalimu. Lakini lala kitandani hata hivyo.

Basi kule Kawangware nilifika Jumatatu saa nne, ingawa Matron alisema saa mbili. Sakafu ilikuwa imepigwa deki kawaida tu. Vikombe vilikuwa karibu na mikono. Visigino vilikuwa visafi, vimepakwa mafuta. Nilishangaa. Kabichi ilikuwepo kweli, Jumatatu na Jumanne pia, kwa hiyo yule wa kabichi hakusema uongo. Walezi walikuwa wanne pamoja na Matron, na wote walikuwa watu wa kwetu. Mnajua kazi hupatikanaje Nairobi. Matron alipopata ile nafasi alimwita mmoja wa ukoo wake kutoka chama chao, huyo akamwita mwingine, na hivyo hivyo hadi nyumba ikajaa. Nilipoingia mimi tukawa watano. Tulisalimiana kwa kelele na kukumbatiana kama tuko harusini.

Mzee Simiyu, babake Lilian, alikuwa ameketi peke yake karibu na dirisha. Alikuwa amevaa koti zito na kofia, mtu mrefu, bado ana mabega ya fundi wa mawe. Harufu yake niliipata kabla sijamfikia. Nilipita mbele yake, nikainama, nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani kama inavyopasa, nikamwambia mimi ni nani, binti ya nani, wa ukoo gani, na kwamba Matron ni mdogo wangu. Nilitegemea atabasamu. Akaivuta kofia hadi ikafunika macho na pua, akageukia ukutani.

“Umeona?” Matron akanong'ona. “Hivyo ndivyo ananifanyia. Ni kiburi tu. Na mimi nilimpokea vizuri, siku ya kwanza tulihesabiana hadi ukoo.”

Jumanne nilijaribu. Nilichukua karai, maji ya vuguvugu, sabuni, kitambaa, nikaongea naye taratibu. Alishika vifungo vya koti lake kwa mikono yote miwili, akafumba macho, na nikaona ana machozi. Wanangu, niliondoka pale na karai langu nikiwa na aibu kama mwizi. Katika miaka yangu yote nimepigwa teke, nimemwagiwa uji, nimeumwa kidole, lakini mzee kulia kwa sababu nimemkaribia, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nilikwenda kusoma kitabu cha zamu. Kila nyumba ina kitabu, walezi huandika nani amekula, nani amepata choo, nani ameoga. Kwenye jina la Mzee Simiyu, ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wa huyu na mwandiko wa yule, neno lilikuwa moja: amekataa. Amekataa. Amekataa. Hakuna aliyeongeza hata mstari mmoja kusema kwa nini.

Nami sina haki ya kucheka mtu. Zamani, nikiwa bado mbichi, nilimnyoa mzee mmoja masharubu bila kumuuliza, nikidhani namsafisha. Jioni mke wake alikuja kumtembelea, akasimama mlangoni, akauliza, “Na huyu ni nani amelala kwa kitanda ya mzee wangu?” Masharubu yale yalikuwa na umri wa ndoa yao. Mzee hakunisemesha tena hadi yalipoota. Kwa hiyo najua vizuri namna mtu anavyoweza kukosea akiwa na nia njema na wembe mkononi.

Jumatano nilipopata saa ya mapumziko niliamua kumtafuta Lilian. Matron alikasirika. “Unamfuata wa nini? Ndiye alituharibia jina!” Nilimwambia ndiyo maana namfuata. Lilian alikuwa akiuza mapazia ya mitumba Soko la Toi, na kumpata haikuwa kazi, kila mtu alimjua. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mkali wa macho. Niliposema nimetoka wapi alikunja pazia alilokuwa ameshika, akaliweka chini.

“Kama umetumwa uniambie nifute ile review, rudi. Sifuti.”

“Sijatumwa. Nimekuja kuuliza kuhusu baba.”

“Uliza.”

“Nyumbani alikuwa anaoga?”

Akacheka bila furaha. “Mum, baba yangu ni msafi kuliko mimi. Alikuwa anaoga asubuhi na jioni, hata maji ikipotea mtaa mzima. Tangu mguu wake ushindwe, mimi niko hapa Toi kutoka alfajiri, nani angemshikilia? Nilimpeleka huko nikidhani nimempeleka kwa watu wetu. Matron alifurahi sana, akatuhesabia vile mama yangu marehemu alikuwa wa ukoo wao. Akaniambia, ‘Mama yako ni mtoto wa kaka yetu, mimi ni shangazi yake kabisa.’ Nikajua baba amefika nyumbani. Sasa niambie, mnamfanyia nini?”

Nilimwambia sijui. Nikamuaga, nikaanza kutembea kuelekea Barabara ya Ngong, nikirudia maneno yake moja moja. Mama yake Lilian ni wa ukoo wetu. Matron ni shangazi wa huyo mama. Mimi ni dada yake Matron, basi mimi pia ni shangazi yake. Mzee Simiyu alioa binti wa kaka yetu. Nilisimama katikati ya watu wanaochagua viatu, mwenye viatu akaniuliza natafuta saizi gani.

Wanangu, kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Akimwona anakuja, anapisha njia. Na mama mkwe si yule aliyemzaa mkeo peke yake, hata dada za baba yake ni mama wakwe, hata kama ni wadogo kwako kwa miaka thelathini. Mzee wa watu alikuwa amepelekwa kwenye nyumba yenye mama wakwe wanne, wote wakitaka kumvua nguo! Nami wa tano nikaja na karai. Na asingeweza hata kutueleza, maana mambo ya mwili wako huwezi kuyazungumza na mama mkwe, wala na binti yako. Kilichobaki ni kukataa.

Mila hiyo niliijua tangu utotoni. Matron aliijua. Sote tuliijua. Lakini tulikuwa tumevaa yunifomu, tukadhani yunifomu inafuta ukoo, huku sisi wenyewe ndio tuliomtajia huo ukoo kila asubuhi kwa adabu na vicheko. Nilijicheka hadi machozi pale Toi, kisha nikajikasirikia sana. Zaidi ya wiki tatu mtu alikaa katika jasho lake kwa sababu ya heshima, na sisi tukaandika kwamba ni kiburi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda langoni kwa Ouma, mlinzi. Kabla sijamaliza kueleza alianza kutikisa kichwa.

“Mimi nilijua hiyo story kitambo, mum. Kwetu Siaya ni hivyo hivyo. Mama mkwe akipita, mimi naingia kwa kichaka.”

“Na ukanyamaza?”

“Kwani nani huuliza watchman?”

Nilimwomba amwogeshe mzee, nikamfundisha pale pale langoni kwa kutumia mkono wangu: anza usoni, maliza miguuni, funika kila sehemu ukishaiosha, usimwache mtu wazi. Matron, niliyekwisha kumweleza, alisimama langoni badala yake. Mimi nilikaa nje ya bafu, mgongo ukiwa mlangoni, nikimwelekeza Ouma kwa sauti. Nilisikia maji. Nilisikia Ouma akisema, “Pole mzee, inua mkono.” Halafu nikasikia Mzee Simiyu akiongea kwa mara ya kwanza, sauti nzito, akimwambia Ouma kwamba Wajaluo hawajui kusugua mgongo. Ouma akamjibu. Wakaanza kubishana, kisha wakacheka. Matron aliposikia vile vicheko akiwa pale langoni aliweka mkono mdomoni, akalia. Na mimi nililia.

Nilimwambia Matron ukweli wote siku hiyo. Maji ya Alhamisi hayakufuta wiki zote zile. Lilian aliandika jambo lililotokea, na maoni yake yabaki pale pale, watu wayasome. Kabichi nayo ipungue. Na nikamwambia kwamba neno “amekataa” likiandikwa peke yake tena kwenye kitabu kile, mimi simo. Akaniuliza, “Kwani uko ndani?” Nikasema sijui. Hilo lilikuwa jibu la kweli. Nyumba nilikuwa nimeanza kuipenda, lakini ile familia ya Lavington ilikuwa ikingoja, na magoti yangu yalikuwa yameanza kunisemesha. Mzee alikuwa amepata mtu wa kumwogesha. Nilijiambia kazi yangu pale imekwisha.

Ijumaa saa nne na nusu nilikuwa nimeshika simu, nikitafuta namba ya Lavington, Lilian alipoingia. Alikuwa amebeba blanketi jipya, bado liko ndani ya plastiki ya duka.

“Baba alinipigia na simu ya Ouma,” akasema. “Ati ninunue blanketi, na isiwe ya mitumba. Mimi, niingie dukani kununua kitu mpya! Nilimuuliza ni ya nini, akaniambia wewe utajua.”

Nilijua. Kwetu mkwe akimletea mama mkwe zawadi ya namna hiyo, naye akaipokea, ile haya kubwa huondolewa. Wanaweza kutazamana, kupeana mkono, kuketi chumba kimoja. Blanketi lilikuwa moja, na mkubwa wa ukoo mle ndani nilikuwa mimi. Nikilipokea, napokea kwa niaba ya wote. Lakini zawadi hiyo huwezi kuipokea asubuhi halafu mchana ukapotea. Mtu hamwondolei haya mama mkwe anayekwenda zake.

Mzee Simiyu alikuwa ameketi pale pale karibu na dirisha, safi, koti limefuliwa, kofia ikiwa bado imeshuka hadi puani. Walezi wote walikuwa wamesimama. Matron hakuniangalia, aliangalia sakafu. Hakuna aliyeniomba kitu. Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia saa tano.

Nilizima simu, nikaiweka mfukoni. Nikapokea blanketi kwa mikono miwili.

Lilian alinishika bega. Mzee aliinua kofia taratibu, akaiweka gotini, akanitazama. Ana macho ya Lilian, yale makali. Akanyoosha mkono wake mkubwa, nami nikaushika. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimejikunja, nyeusi kwa chini. Sikuuachilia ule mkono. Nilivuta kiti kwa mguu wangu, nikaketi mbele yake, nikamwambia Matron aniletee wembe.